Kutendua Kilichokwama: Vitenzi vya Mafundi wa Magari katika Uwanda wa Kati

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoanza kutoa mfululizo wa Tafsiri Sanifu katika miaka ya 1970, kazi ya kuunda istilahi za Kiswahili imeegemea zaidi upande wa nomino. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ilifuata njia hiyo hiyo, na haikuwa na sababu ya kufuata nyingine, kwani sayansi za darasani huanza kwa kutaja vitu. Ufundi hauanzi hivyo. Fundi anayelala chini ya gari hahitaji kuambiwa kuwa kilicho mbele yake ni nati. Anachohitaji kujua ni nati hiyo imefanya nini, au imefanywa nini, na jibu la swali hilo hutolewa na kitenzi. Mhadhara huu unashughulikia vitenzi vya kazi moja finyu: kufungua bolti za miguu ya gari kuukuu, zile zinazoshikilia mikono ya chini, shokomzoba na springi, pindi zinapokuwa zimeshika kutu au kuharibika, kama kazi hiyo inavyofanywa katika gereji za Dodoma.

Dodoma si mahali ambapo mtu angetarajia kutu. Jiji liko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, nalo hupata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Hata hivyo, bolti nyingi zinazokwama Dodoma hazikushikia kutu Dodoma. Magari yaliyotumika kwanza huko Hokkaido au kaskazini mwa Honshu, nchini Japani, yalipita majira mengi ya baridi juu ya barabara zilizomwagiwa chumvi ili kuyeyusha theluji. Mengine yaliishi Dar es Salaam, kwenye hewa ya bahari, hadi wenyewe walipoifuata Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016. Mchango wa uwanda wa kati ni wa namna nyingine. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Iringa kupitia Mtera, na ile ya Dodoma hadi Babati kupitia Kondoa, zilizinduliwa mwaka 2018. Kabla ya kukamilika kwake, gari lililokwenda huko lilipigwa na mawe na makorongo safari nzima, na njia nyingi za vijijini katika wilaya za Chemba, Bahi na Mpwapwa zingali za vumbi. Kwa hiyo kutu huja na gari, lakini bushi za mpira huchakazwa hapa, na bushi ikichakaa hapana budi bolti yake ifunguliwe.

Bolti hukwama kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, pengine mara mbili na hata kufikia mara sita. Ule uwazi mdogo kati ya nyuzi za bolti na nyuzi za nati hujaa, kisha hubanwa. Katika miguu ya gari kuna mahali pa pili pabaya zaidi. Bolti ya mkono wa chini hupita ndani ya mwanzi wa chuma ulio katikati ya bushi, na kutu huweza kuunganisha shina la bolti na mwanzi huo. Hapo nati hufunguka vizuri kabisa, bolti nayo huonekana kuzunguka, ilhali kinachozunguka ni mpira unaosokoteka. Fundi mchanga hufurahi. Fundi mzoefu hujua kuwa kazi bado haijaanza.

Neno la kwanza linalotamkwa katika hali kama hiyo ni “imegoma”. Ni neno la watu, la wafanyakazi na wanafunzi, na kuhamishwa kwake hadi kwenye chuma kunaeleweka na kila msemaji. Lina mwenzake, “imekubali”, ambalo husikika nati inapoachia. Lakini “goma” halielezi chochote juu ya sababu. Mwanafunzi akisema nati imegoma, mkuu wake humuuliza imegoma vipi, na ni katika jibu la swali hilo ndipo sarufi ya Kiswahili inapoingia kazini.

Majibu yanayowezekana yako katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la vitenzi kama “kwama”, “ganda” na “nasa”. Kila kimoja kina umbo la kutendua: “kwamua”, “gandua”, “nasua”. Kauli hii ya kutendua ni ya kale. Wataalamu wa lugha za Kibantu, kuanzia Meeussen katika kazi yake ya mwaka 1967 hadi Schadeberg mwaka 2003, wameirudisha hadi kwenye Mame-Bantu, ambako ilikuwa na viambishi viwili vinavyokwenda pamoja, kimoja cha anayetenda na kingine cha kinachotendeka chenyewe. Kiswahili kimehifadhi vyote viwili: fundi hukwamua, nati hukwamuka, fundi hufungua, nati hufunguka. Irabu ya kiambishi hubadilika kuwa “o” mzizi unapokuwa na “o”, na ndiyo maana bolti huchomolewa, ilhali mtego huteguliwa.

Kundi la pili ni la vitenzi visivyo na umbo hilo. Nati inaweza “kuliwa”. Bolti inaweza “kukatika”. Hakuna kitenzi cha Kiswahili kinachorudisha kilicholiwa, wala kinachotendua kukatika. Msemaji wa lugha hii hajifunzi jambo hilo shuleni, na fundi hahitaji kulisikia kutoka kwa mwanaisimu. Hata hivyo, mgawanyo huu wa kisarufi unakaribiana sana na mgawanyo wa kazi yenyewe. Kilichokwama au kuganda bado ni kizima, na njia yake ni ya kurudi nyuma. Kilicholiwa au kukatika kimepungukiwa na sehemu ya mwili wake, na njia yake ni kukiondoa na kuweka kingine.

Njia ya kurudi nyuma ina hatua zake, nazo hutajwa kwa vitenzi vilivyopangika. Kwanza uchafu na kutu ya nje husuguliwa kwa brashi ya waya, hasa kwenye nyuzi zilizochomoza nje ya nati, kwa kuwa nati italazimika kupita juu yake. Kisha hutiwa mafuta mepesi. Palipo na dawa maalumu ya dukani hutumika hiyo. Pasipokuwa nayo, dizeli au mafuta ya taa, ambayo wepesi wake huyawezesha kupenya pale ambapo grisi na oili chafu haziwezi. Mafuta yanahitaji muda, na usiku mmoja ni bora kuliko saa moja. Baada ya hapo nati hugongwa pembeni kwa nyundo, si kwa nguvu ya kuivunja bali kwa mapigo mafupi yanayoitikisa kutu hadi iweke nyufa. Halafu inakuja hatua inayowashangaza wageni wa kazi hii: nati hukazwa kidogo kabla ya kulegezwa. Msogeo wa upande wowote huvunja gamba la kutu, na ule wa kukaza una faida ya kuipeleka nati kwenye nyuzi ambazo hazijachakaa. Ikishasogea, huenda mbele na nyuma, robo kwa robo, huku mafuta yakiongezwa, kwani unga wa kutu ukiachwa ujikusanye hukamata upya.

Mafuta yakishindwa, moto huitwa. Kinachopashwa ni nati, si bolti. Chuma cha pua hutanuka kwa takriban sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzijoto moja ya Selsiasi, hivyo tundu la nati lenye kipenyo cha milimita 14, likipanda kwa nyuzijoto 300, hupanuka kwa milimita 0.05 hivi. Ni kiasi kidogo mno, lakini kutu iliyobana haihitaji zaidi. Katika miguu ya gari moto una mipaka yake. Bushi ni mpira na itaungua. Mpira wa breki uko jirani. Na shokomzoba, ambayo mara nyingi ina gesi yenye shinikizo ndani yake, haipashwi moto kamwe, kwani inaweza kulipuka usoni mwa fundi. Aidha, bolti iliyopata joto kali haifai kurudishwa. Namba kama 8.8 au 10.9 iliyopigwa kwenye kichwa chake inaeleza uimara uliopatikana kwa kukipasha chuma moto kiwandani na kukipooza kwa utaratibu, na moto wa gesi huufuta uimara huo bila kuifuta namba.

Katika kundi la pili, kitenzi “liwa” kinastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Kiko katika kauli ya kutendwa, na kutendwa hudai mtendaji, hata asipotajwa. Laiti fundi angetaka kueleza hali tu angesema “imelika”. Anaposema “imeliwa” anaacha nafasi wazi, na nafasi hiyo hujazwa kwa namna mbili zisizofanana. Nati “iliyoliwa na kutu” imepungua ukubwa pande zote: iliyotoka kiwandani ikiwa ya namba 17 huenda sasa ni kama 16, na dawa yake ni soketi ndogo zaidi inayopigiliwa kwa nyundo hadi ishike. Nati “iliyoliwa na spana” ina ukubwa wake wote isipokuwa pembe zake, ambazo zimeviringwa na spana iliyoteleza. Hiyo hutafutiwa soketi ya pembe sita inayoshika bapa badala ya pembe. Ikishindikana hupigwa tupa pande mbili ili spana ipate pa kushika, au huchomelewa nati nyingine juu yake, njia ambayo ina faida ya kuleta moto mahali panapohitajika. Mafundi wengi hawataji “na spana”. Husema “imeliwa” na kunyamaza, na mwenye gari huelewa kuwa fundi aliyetangulia ametajwa bila kutajwa. Vitabu vya sarufi hufundisha kuwa kauli ya kutendwa huficha mtendaji. Hapa inamficha nusu tu, na nusu hiyo ndiyo adabu ya kazi.

Chombo kinachoshukiwa zaidi katika kula pembe kina jina ambalo kamati ya istilahi isingelipitisha: “spana malaya”, yaani ile inayopanuliwa na kupunguzwa ili kukubali nati ya ukubwa wowote. Jina hilo limebeba kejeli ya mitaani, lakini pia limebeba onyo la kiufundi, kwa kuwa kinachoingia kwenye kila nati hakibani yoyote sawasawa. Istilahi ya “spana rekebishi”, kama ingependekezwa, ingekuwa na heshima zaidi na maarifa pungufu.

Bolti iliyokatika huachwa kisiki ndani ya tundu. Kikichomoza, huchomelewa nati na kuzungushwa. Kisipochomoza, hutobolewa katikati kwa keekee, kazi inayotaka subira na ncha kali, maana ncha ikipotoka huharibu nyuzi za chuma kinachobaki garini. Na bolti iliyoungana na mwanzi wa bushi haisumbuliwi sana na mafundi wenye uzoefu: hukatwa kwa grenda pande zote mbili, kati ya bushi na kishikio chake, na vyote viwili hutupwa. Bushi ilikuwa imekwisha hata hivyo.

Ingekuwa ni kutia chumvi kudai kwamba umbo la kitenzi humwongoza fundi kila mara. “Pinda” ina “pindua”, lakini bolti iliyopinda haipinduliwi. Kitenzi hicho kimekwenda na maana yake kwingine, na kilichopinda hunyooshwa. “Kaza” ni kitenzi cha lazima katika kila gereji, nacho hakina umbo la kutendua. Kinyume chake ni neno jingine kabisa, “legeza”. Kwa kawaida hali hiyo ingechukuliwa kuwa ajali ya msamiati. Lakini ukilinganisha “kaza” na “funga”, ambayo ina “fungua”, inaonekana kuwa lugha ya mafundi inatenganisha matendo mawili ambayo lugha ya nyumbani huyachanganya. Kufunga bolti ni kuiweka mahali pake na kuipa nati. Kukaza ni kuipa nguvu yake ya mwisho.

Tofauti hiyo ina uzito katika miguu ya gari kuliko mahali pengine. Bushi ya mpira imeshikamana na mwanzi wake, na mwanzi hubanwa na bolti. Bolti ikikazwa wakati gari limenyanyuliwa kwa jeki na mkono umening'inia, mpira huzoea hali hiyo ya kuning'inia. Gari likishushwa, mpira husokoteka na kubaki umesokoteka, na baada ya miezi michache huchanika. Kwa hiyo bolti hufungwa gari likiwa juu, na hukazwa likiwa limekaa kwa magurudumu yake. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuwapima na kuwatambua mafundi waliojifunza kazi nje ya vyuo, wengi wao chini ya miti kama ile ya Dodoma. Mpimaji atakayemwagiza fundi wa aina hiyo “afunge bolti za mkono wa chini”, akikusudia azikaze, atamwona akiziingiza, akizipa nati, kisha akisimama kungoja gari lishushwe. Kwenye karatasi ya alama hakuna mahali pa kuandika kuwa mtahiniwa ameelewa swali kuliko aliyelitunga.