Nyumba ya Karen Blixen

Nyumba ya Karen Blixen ni nyumba ya familia ya mwanzoni mwa karne ya 20, iliyoko karibu na vilima vya Ngong katika kitongoji cha Karen, Nairobi, nchini Kenya. Tangu mwaka 1986 ni jumba la makumbusho chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Ilijengwa mwaka 1912 na mhandisi Msweden, Åke Sjögren, kwa kuta za mawe na baraza. Mwaka 1917 ilikuwa makazi ya Bror Blixen na mkewe Karen, Mdenmark, waliolima kahawa. Waliiita Mbogani, jina linalofasiriwa kuwa "nyumba ya msituni", ingawa msomaji wa Kiswahili hufikiria mboga kwanza.

Shamba lilikuwa na ekari 6,000 hivi, na 600 kati yake zilipandwa kahawa. Eneo hilo liko juu mno kwa zao hilo, hivyo mavuno yalikuwa haba na madeni yakaongezeka. Wenye nyumba walitalikiana mwaka 1925, na Karen akabaki kuendesha shamba peke yake hadi lilipouzwa mwaka 1931 na kukatwa viwanja.

Waliopata hasara kubwa zaidi ni Wakikuyu walioishi shambani kama maskwota na kulima ekari zipatazo 1,000. Ardhi ilipouzwa walitakiwa kuondoka. Kabla ya kurudi Denmark, Karen aliwasihi wakuu wa serikali ya kikoloni wasiwatawanye, mpaka wakapewa nafasi pamoja katika hifadhi ya msitu wa Dagoretti. Mgeni anayetazama vyumba vya mwenye shamba anapaswa kulikumbuka jambo hili, kwa maana nyumba za maskwota hao hazikuhifadhiwa.

Baada ya hapo nyumba ilipita mikononi mwa watu mbalimbali. Kenya ilipopata uhuru, serikali ya Denmark iliinunua na kuitoa zawadi kwa taifa jipya, na chuo cha lishe kikaanzishwa katika uwanja wake.

Mwaka 1985 ilitoka filamu ya "Out of Africa", iliyotokana na kitabu cha Karen cha mwaka 1937, ikaamsha hamu ya kuihifadhi nyumba. Hata hivyo, nyumba inayoonekana katika filamu ni nyingine ya jirani. Baadhi ya samani za asili, ambazo Karen alimwuzia Lady McMillan alipoondoka, zilipatikana tena na kurudishwa vyumbani.