Menyu imefichwa na picha? Z-index 9999 haitakusaidia

Tuseme umetengeneza ukurasa wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba hapa Mwamanyili, wilayani Busega. Mkulima anaufungua kwa simu, anagusa menyu aone bei, menyu inajificha nyuma ya picha. Bei haioni. Anafunga, anaondoka.

Unaandika z-index: 9999. Wapi! Unaongeza tisa nyingine. Bado.

Shida iko wapi?

Vitu viwili vya aina moja vikikutana kwenye ukurasa, brauza hukiweka juu kile kilichoandikwa baadaye kwenye HTML. Z-index, iliyokuja na CSS2 mwaka 1998, ndiyo inayobadilisha mpangilio huo. Lakini ina sharti: kitu kiwe na position kama relative, absolute, fixed au sticky, au kiwe moja kwa moja ndani ya flex au grid. Bila hivyo, namba yako haisomwi.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui: namba hailinganishwi na ukurasa mzima. Chukua mafaili mawili yaliyopandana kwenye meza ya katibu. Karatasi ya juu kabisa ya faili la chini bado iko chini ya kila karatasi ya faili la juu.

CSS nayo ina mafaili yake. Faili jipya linafunguka ukitumia position: fixed au sticky, opacity iliyo chini ya 1, transform, au z-index yenye namba inayofanya kazi.

Turudi kwa mkulima wetu. Kichwa cha ukurasa kina position: sticky bila z-index, kwa hiyo kinahesabiwa kiko ngazi ya 0. Menyu imo ndani yake. Picha ina position: relative na z-index: 1. Faili la picha liko juu, basi 9999 ya menyu inaishia ndani ya kichwa.

Dawa yake ni mstari mmoja: kipe kichwa chenyewe z-index: 10. Menyu itapanda nacho, na ile 9999 unaweza kuifuta.

Kwa hiyo kabla hujaongeza namba, mkague mzazi wa hicho kitu, kisha mzazi wa mzazi. Ukimaliza, ujaribu ukurasa kwenye simu, maana ndiko mkulima anakoangalia bei.