Masalio ya Kitu Kilicho Hai: Tatizo la Istilahi katika Tathmini ya Viuatilifu vya Vijidudu

Neno masalio, litokanalo na kitenzi salia, lina dhana ya upungufu ndani yake: kilikuwapo kingi, kikaondoka, kikasalia kidogo. Ndivyo lilivyo pia mabaki. Dhana hiyo yalingana barabara na dawa za kikemikali zipulizwazo kwenye kabichi na nyanya tunazonunua hapa Goma. Mvua huziosha, jua huzivunja, mkulima huagizwa asubiri siku kadhaa kabla ya kuvuna, na mpimaji huhesabu miligramu zilizomo katika kilo moja ya chakula ili kuona kama zimezidi kiwango kilichowekwa.

Je, tusemeje dawa yenyewe ikiwa ni kiumbe hai? Mfano maarufu ni bakteria Bacillus thuringiensis, ambayo Ishiwata aliigundua huko Japani mwaka 1901 katika viwavi wa hariri waliougua. Kiwavi akiila, protini yake huyeyuka katika utumbo wenye alikali na kuutoboa. Tumbo la binadamu, lenye asidi, halina mazingira hayo. Lakini bakteria iliyobaki kwenye jani yaweza, ikipata unyevu, joto na chakula, kuzaana. Hapo kilichosalia kimeongezeka, na kitenzi chetu kimetuponyoka.

Kwa sababu hiyo mamlaka zinazoidhinisha viuatilifu hivi hazianzi na swali la kiasi, bali la utambulisho: ni nasaba ipi hasa? Swali hili si la kitaaluma tu. Bacillus thuringiensis ni ndugu wa karibu mno wa Bacillus cereus, iletayo kuhara na kutapika, na njia za kawaida za maabara hazizitofautishi kwa urahisi. Kisha huulizwa kama kiumbe hicho huweza kuwadhuru wanyama wa majaribio kwa kumezwa au kuvutwa puani, na kama hutoa sumu. Pasipoonekana hatari, huenda kiwango cha juu kisiwekwe kabisa. Marekani imeisamehe Bacillus thuringiensis sharti hilo. Msamaha huo ni matokeo ya tathmini, wala haumaanishi kwamba tathmini haikufanyika.

Hata hivyo mjadala haujafungwa. Mwaka 2016 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilieleza kwamba magonjwa mengi yanayohusishwa na kundi la cereus hutokea bakteria zikizidi 100,000 kwa gramu moja ya chakula, ingawa baadhi yametokea kwa idadi ndogo zaidi.

Kuvu Metarhizium, iliyofanyiwa utafiti mwingi katika kituo cha ICIPE, Nairobi, huleta sura nyingine: hutoa kemikali ziitwazo destruksini, na kwa kemikali hizo neno masalio hurudi mahali pake.

Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, msamiati huu unatuhusu kwa karibu zaidi. Kwa maoni yangu, masalio yabaki kuwa ya kemikali na sumu, na kwa kiumbe chenyewe tuseme idadi ya vijidudu hai. Hata vijidudu lina utata, maana wengi hulitumia kwa wadudu wadogo pia, na "dawa ya wadudu iliyotengenezwa kwa vijidudu" humchanganya msomaji. Bakteria na kuvu ni wazi zaidi. Na pale kibandiko kitakaposema kwamba dawa haikuwekewa kiwango cha juu, kiongeze kwa maneno dhahiri kwamba mboga ni lazima zioshwe.