Kivinjari Kinafunguka, Programu Haifunguki: Simu na Proksi (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza kwamba proksi ni kompyuta ya taasisi inayopokea maombi ya simu na kompyuta zote za humo ndani, ikayapeleka kwenye intaneti kwa niaba yao na kuzirudishia majibu. Wakazi wa Bagamoyo wanalijua jengo la forodha ya zamani pale ufukweni: mzigo ulioshuka jahazini haukuingia mjini bila kupita kwa karani. Proksi ndiyo karani huyo. Leo tuone kwa nini programu nyingi za simu hazimjui, na ni nani anayeumia.

Tuchukue chuo cha kufikirika hapa Bagamoyo. Wi-Fi yake haitoi kitu nje ila kupitia proksi ya Squid, poti 3128. Mwanafunzi anaandika anwani ya proksi hiyo kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya simu yake. Anafungua kivinjari, kurasa zinakuja. Anafungua programu ya kulipia ada ili apate kumbukumbu namba, anaambiwa: "Hakuna mtandao." Mtandao upo! Mwanafunzi hana kosa, wala fundi wa chuo hana. Kosa ni la aliyeandika programu.

Kwenye Android, proksi ya Wi-Fi ni taarifa ambayo programu inaombwa kuifuata, mfumo hauilazimishi. Ndiyo maana mipangilio yenyewe huonya kwamba proksi hutumiwa na kivinjari na huenda isitumiwe na programu nyingine. VPN, yaani njia ya siri inayopitisha mawasiliano kwenye seva nyingine, ni jambo tofauti: kwa kawaida hubeba mawasiliano yote ya simu, programu itake isitake. Tofauti hii ina uzito nchini kwetu, kwa kuwa Oktoba 2023 TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliwataka watumiaji wa VPN wajisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, na wapo wanaoviweka vyote viwili kapu moja.

Msimamo wangu ni kwamba programu isome mipangilio ya mfumo na kuifuata, bila kumdai mtumiaji aiandike anwani mara ya pili. Kazi hiyo si ngumu. Kwenye Android, darasa la ProxySelector hutoa jibu, na maktaba ya OkHttp huiuliza bila kuamrishwa. Kwenye iPhone, URLSession hufuata mipangilio yenyewe. Matatizo huanza pale mwandishi anapofungua soketi kwa mkono wake, au anapotumia Flutter, inayopendwa kwa sababu msimbo mmoja hutoa programu ya Android na ya iPhone. HttpClient ya Dart, ambayo Flutter huitegemea, haisomi proksi ya simu. Asiyelijua hilo huijaribu programu yake kwa bando la nyumbani, akaona inakwenda vizuri, akaitoa.

Kuisoma mara moja hakutoshi. Fikiria mhudumu wa afya anayefungua programu ya takwimu ofisini mjini, kisha anapanda bodaboda kwenda Mlingotini. Simu inahama kutoka Wi-Fi kwenda mtandao wa simu. Programu iliyoshika anwani ya proksi tangu ilipofunguliwa itaendelea kuitafuta kompyuta iliyobaki ofisini, na fomu za siku nzima hazitatumwa. Android hutangaza proksi inapobadilika; programu isikilize tangazo hilo, au iulize upya kila inapoanza muunganisho. Vilevile isitafute yenyewe anwani ya seva ya mbali: jina likabidhiwe proksi, kwani ndani ya taasisi nyingi majina ya nje hayatafutiki. Na kama imezoea QUIC, itifaki inayopita juu ya UDP, irudi kwenye TCP haraka, maana proksi ya kawaida ya HTTP haiibebi.

Wapo waandishi, hasa wa programu za fedha, wanaoikwepa proksi makusudi wakihofia kuchunguliwa. Hofu yao naielewa, dawa yao siikubali. Kwa HTTPS programu huiomba proksi ifungue njia kwa amri ya CONNECT, na kuanzia hapo karani anajua mzigo unakwenda wapi, lakini hawezi kuufungua. Isitoshe, tangu Android 7 ya mwaka 2016, programu haziamini vyeti vilivyowekwa na mtumiaji, ambavyo proksi ingevihitaji ili kuufungua mzigo, isipokuwa mwandishi awe ameruhusu mwenyewe. Kwa hiyo anayeikwepa proksi haongezi usalama wowote. Anamfungia nje mteja aliyeko ofisini au chuoni.

Kinachoniudhi zaidi ni lile jibu la "Hakuna mtandao." Programu iseme kilichotokea: proksi haipatikani, proksi imekataa, au seva ya mbali ndiyo iliyolala. Maneno hayo humwambia mwanafunzi amwone nani, na humwokoa asinunue bando lisilohitajika.

Kuna jibu moja la proksi sijaligusa, lile la 407, linalodai jina na nywila. Programu nyingi hukwama hapo, na baadhi hupeleka nywila hiyo kwa seva isiyohusika. Juma lijalo nitaanza nalo.