Sauti ya Kompyuta: Spika au Hedifoni?

Siku hizi kompyuta si kitu cha ajabu nyumbani. Kijana huileta kutoka mjini, jamaa hukusanyika wasikie kwaya iliyorekodiwa siku ya Pasaka, na mara husikitika: sauti ya nne haisikiki, kana kwamba wanaume wale hawakuimba. Usiilaumu kwaya. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitikisiko ya hewa tangu 20 mpaka 20,000 kwa sekunde. Sauti nene ni mitikisiko michache, nayo yataka hewa nyingi isukumwe. Kispika kilichofichwa ndani ya kompyuta hakiwezi kazi hiyo, kama vile kigoma cha mtoto kisivyoweza kunguruma kama ngoma kuu.

Basi ununue nini? Ujiulize kwanza nani atasikiliza. Wakiwa wengi, huna budi kutafuta spika. Akiwa mmoja, naye ataka kusikia kila neno, heri hedifoni. Kwa fedha ile ile hutoa sauti safi zaidi, maana hutikisa hewa kidogo tu iliyo karibu na sikio, hali spika yapaswa kujaza chumba kizima. Na chumba chenyewe huharibu: kuta tupu za saruji hurudisha sauti, na mvua ikinyesha juu ya bati, hapo hata spika ya thamani hushindwa.

Dukani jihadhari na maandishi ya boksi. Utaona spika ndogo zimeandikwa wati 1000, na kando yake herufi P.M.P.O. Hiyo si nguvu utakayoipata nyumbani. Tafuta herufi R.M.S. Usipoziona, piga hesabu mwenyewe. Spika isiyo na betri, ipatayo umeme kwa waya wa USB, hutegemea tundu la kompyuta. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa volti 5 na nusu ampea, yaani wati 2 na nusu tu. Mtu aliyekula kibaba kimoja atatapikaje gunia? Mwuzaji atacheka, mwache acheke. Walakini usizidharau wati chache zilizo za kweli, kwa chumba kidogo zatosha.

Ukiisha kununua spika mbili, usizibananishe. Zitenge, nawe ukae mbele yake hata mfanye pembetatu yenye pande sawa, zikiwa kimo cha masikio yako. Ukizisukuma mpaka pembeni, zinapokutana kuta mbili, sauti nene itavimba na kuyafunika maneno.

Hedifoni nazo zina namna mbili. Ziko zilizofungwa upande wa nje, na ziko zilizo wazi, kama zile HD 414 ambazo Sennheiser wa Ujerumani waliziuza tangu mwaka 1968. Zilizo wazi hupendeza, lakini sauti hutoka nje, na kelele za jogoo na watoto huingia. Kwa nyumba yenye watu wengi mimi ningechukua zilizofungwa. Tazama pia hesabu ya omu. Zenye omu 16 mpaka 32 huitikia vema kompyuta. Zile za studio zenye omu 250 au 300 mara nyingi husikika kwa mbali, mpaka uziongezee amplifaya, nayo ni gharama nyingine.

Tena chunguza wimbo wenyewe. CD huhifadhi vipimo 44,100 vya sauti kwa kila sekunde. Wimbo uliobanwa sana uwe mdogo, kisha ukabanwa tena ulipopitishwa simu hata simu, umepoteza kitu kisichorudi, na spika bora itauonyesha ubovu wake waziwazi.

Lililo zito ni masikio ya watoto. Shirika la Afya la Dunia na shirika la ITU walitoa kipimo mwaka 2018: mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 za juma, na mtoto 75. Kila ukiongeza desibeli 3, saa hizo hupungua nusu: kwa 83 ni saa 20, kwa 86 ni saa 10. Uziwi uletwao hivyo hauna dawa ya kuuondoa. Ukimwita mwanao aliye kando yako, amevaa hedifoni, asiitike, punguza sauti papo hapo.

Uendapo kununua, chukua wimbo unaoujua sana. Sikiliza sauti ya nne, kisha herufi "s": isikukwaruze. Mwuzaji akikataa usijaribu, nenda duka la pili.