Mama, Njoo Kando ya Ziwa Upumzike

Ni lini mara ya mwisho wewe na familia yako mlikaa pamoja saa nzima bila kazi mkononi? Sizungumzii harusi wala msiba. Sizungumzii ibada ya Jumapili. Nasema kukaa tu.

Mimi ni muuguzi. Kila wiki napima shinikizo la damu la akina mama, na ninapowashauri wapumzike, wengi hunijibu, "Sista, nitapumzika kaburini." Nami nilikuwa hivyo hivyo. Zamu za usiku, vikao vya kanisani, ada za watoto, na nyumbani jiko linanisubiri. Ndipo siku moja nikiwa na binti yangu wa miaka tisa tulishuka kwenye daladala mahali ambapo maji yanaonekana wazi, naye akasema, "Mama, kumbe ziwa ni kubwa hivi?"

Niliona aibu. Tunaishi Mwanza, na kutoka kwetu hadi ziwani ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mtoto alikuwa amekula dagaa wa ziwa lile tangu alipoanza kula, lakini wazazi wake hatukuwahi kumpeleka kulitazama.

Tulikuwa na sababu mbili. Kwanza, tuliamini kwamba mapumziko ni ya watalii na wenye fedha. Pili, mimi nililiogopa ziwa. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na kuua watu zaidi ya 800, nilikuwa msichana wa sekondari. Wengi wao wamezikwa Igoma. Tangu siku hiyo, ziwa kwangu lilikuwa msiba. Mume wangu ndiye aliyeniambia, "Mama watoto, hatuwezi kuishi kando ya ziwa kama watu waliogombana nalo."

Basi tulianza kutoka kidogo kidogo. Haya ndiyo tuliyoyaona, nami nakualika nawe uje uyaone.

Miamba na maji

Mwanza huitwa Jiji la Miamba. Mawe makubwa yamebebana milimani kama mtu aliyeyapanga kwa mkono, na Mwamba wa Bismarck umesimama majini karibu kabisa na mji. Mbele yake ni Ziwa Victoria, kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika, lenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 68,800. Nenda Capri Point saa kumi na moja jioni, ukae juu ya jiwe na watoto wako, mtazame jua likizama ng'ambo ya maji. Hakuna anayekudai kiingilio kwa jua. Ukirudi, pitia samaki. Sato wa kukaanga kwa ugali ni karamu tosha.

Kisiwa cha Saanane

Watoto watakipenda. Ni dakika chache tu kwa boti kutoka mjini. Kisiwa kina jina la Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyeishi hapo zamani. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa, mojawapo ya zile ndogo kabisa nchini. Utaona swala, tumbili, na pimbi wakiota jua mawe­ni. Fungasha chakula chako, mkae kivulini. Ila wafunge watoto midomo ya mifuko, maana tumbili hawana adabu.

Bujora

Kwa barabara ya Musoma, kama kilometa 20 kutoka mjini, kuna Kisesa, na hapo jirani ni Bujora. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianza kazi hapo miaka ya 1950. Yeye hakuwadharau Wasukuma kwa ngoma zao. Alikusanya vyombo vya mababu, akajenga makumbusho, na kanisa la mviringo ambalo altare yake imefanana na kiti cha enzi cha mtemi. Hata sisi tusio Wakatoliki tunajifunza jambo hapo, kwamba Injili haikuja kutunyang'anya lugha wala ngoma. Ukija mwezi Juni wakati wa Bulabo, utaona wachezaji wa Bagika na Bagalu wakishindana. Wapeleke watoto wa mjini wakaone nyumba ya Kisukuma na vyombo vya bibi yao.

Ukerewe

Hapa ndipo nilipoushinda woga wangu. Meli ya kwenda Nansio huchukua takriban saa tatu. Saa ya kwanza nilishika chuma cha pembeni na kuomba kimoyomoyo. Saa ya pili nilikaa. Saa ya tatu nilikuwa nawaonyesha watoto ndege.

Ukerewe ni nyumbani kwa Aniceti Kitereza. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, mume aliyekataa kumwacha mke wake kwa sababu hawajapata mtoto. Kitabu kilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Yeye na mkewe walifiwa na watoto wao, wakabaki pamoja.

Jioni, watoto wakicheza mbele yetu, nilimsimulia mume wangu habari hiyo. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akataja jina la mtoto wetu wa pili, tuliyemzika akiwa na siku nne. Kwa miaka kumi na mitano jina hilo halikuwa limetamkwa nyumbani mwetu. Mimi nilidhani amesahau. Yeye alidhani akilitaja ataniumiza. Tulilia pamoja, tukaomba, tukarudi kula. Nakuambia kweli, dada yangu, mazungumzo yale yasingetokea jikoni kati ya hesabu ya unga na hesabu ya ada.

Maneno ya muuguzi

Uzuri huu una tahadhari zake. Tafadhali zishike.

Kichocho kipo. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi, hasa penye majani, navyo hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Usiwaache watoto waoge wala kuchezea maji ya ufukweni. Aliyekwisha kuingia apelekwe kituo cha afya, aeleze, apimwe. Dawa ipo na inaponya.

Usipande chombo kilichojaa kupita kiasi, hata kama unachelewa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa. Dai boya la kuvaa kwa kila mmoja, na la mtoto limtoshe mtoto. Kusubiri chombo kingine si woga, ni hekima.

Usiku lala ndani ya chandarua. Kunywa maji yaliyochemshwa. Mwenye dawa za shinikizo au kisukari asiziache nyumbani.

Kufika si kazi tena kama zamani. Wanaotoka upande wa Geita na Sengerema, ambao walikuwa wakipanga foleni ya kivuko hata wakiwa na mgonjwa, tangu Juni 2025 wanapita Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3.

Mpendwa, huna fedha za hoteli? Njoo kwa ndugu, njoo na kikundi cha akina mama, njoo na mkeka na chupa ya chai. Soma Marko sura ya 6. Bwana Yesu alipoona wanafunzi wake wamezidiwa na kazi hata wanakosa wakati wa kula, aliwatenga na watu wapate kupumua, na safari hiyo waliifanya kwa mashua. Kama yeye aliona kwamba mitume wanahitaji kupumzika, wewe mama ni nani hata ujione huhitaji?

Usingoje kaburi. Panga siku, uwaambie watoto, na Mungu awatangulie njiani.