Vidole Vinapokufa Ganzi: Mstaafu na Misumeno Yake ya Zamani

Na daktari wetu, Muhoroni

MPENZI msomaji, je, una mzee nyumbani ambaye tangu astaafu hushinda kwenye banda akifungua na kufunga mashine kuukuu? Au pengine mzee huyo ni wewe mwenyewe? Basi makala ya wiki hii ni yako. Lakini kwanza nitakusimulia kosa langu, kwa maana daktari naye hujifunza kutoka kwa wagonjwa wake.

Mwezi mmoja wa Julai alikuja katika kliniki yangu hapa Muhoroni mzee wa miaka sitini na ushei, mkaazi wa miteremko ya Tinderet. Aliuweka mkono wake wa kulia mezani kana kwamba si wake. "Daktari," akasema, "vidole hivi hufa kila asubuhi. Huwa vyeupe kama vya maiti. Nikiota moto vinarudi na uchungu mkali."

Nilivitazama. Vilikuwa na rangi yake ya kawaida. Ilikuwa yapata saa tano mchana, na msomaji anayelijua joto la Muhoroni wakati huo atafahamu kwamba hakuna kidole kinachoweza kuona baridi hapa. Nilimpima sukari, nikaikuta sawa. Nikamwuliza anafanya kazi gani. "Mimi ni mstaafu, sifanyi kazi," akajibu. Nikaandika kwamba ni baridi yabisi, nikampa tembe za maumivu, akaenda zake.

Alirudi baada ya wiki sita, nami nikampa zile zile. Mara ya tatu alikuja na malalamiko mapya: alikuwa hawezi kufunga vifungo vya shati. Nilipomshika mkono niliona oili nyeusi chini ya kucha. Ndipo nikamwuliza swali ambalo ningemwuliza siku ya kwanza: "Mzee, siku yako huipitisha vipi?"

Uso wake ukachangamka. Akanieleza kwamba alifanya kazi miaka mingi ya kupasua mbao huko juu, upande wa Londiani. Tangu mkewe afariki, hushinda katika banda lake akifufua misumeno ya mnyororo ya zamani, ile ambayo wengi wetu tunaiita pawa so. Hununua iliyokufa kwa bei ya vyuma vikuukuu, huifungua, huisugua kutu, huitafutia vipuri, kisha huivuta kamba hadi ingurume. Hauzi hata mmoja. Alikuwa nayo saba.

Ugonjwa wa vidole vyeupe

Msomaji, ugonjwa wa mzee huyu unajulikana tangu zamani. Mwaka wa 1862 daktari Mfaransa, Maurice Raynaud, alieleza jinsi mishipa midogo ya damu ya vidole inavyoweza kujikaza ghafla kwa sababu ya baridi, damu ikakosa kupita. Mwaka wa 1918 daktari wa kike wa Marekani, Alice Hamilton, aliwakagua wachonga mawe wa jimbo la Indiana waliotumia nyundo za hewa, akakuta vidole vyao vikiwa vyeupe na vimekufa ganzi. Msumeno wa mnyororo ulipoenea misituni, madaktari wa Uingereza, Japani na Finland waliona mambo yayo hayo kwa wakata miti katika miaka ya 1960 na 1970.

Chanzo chake ni mtetemo. Injini ya msumeno huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kila mzunguko hutikisa kiganja. Mtikiso huo, ukirudiwa kwa miaka, huumiza vitu vitatu: mishipa ya damu, neva na misuli ya mkono. Mishipa ikiumia, vidole hugeuka vyeupe penye baridi. Neva zikiumia, vidole hufa ganzi na kuchomachoma, hasa usiku, na mtu hushindwa kuokota sindano au kufunga kifungo. Misuli ikidhoofika, hata kikombe cha chai huponyoka.

Kuna jambo ambalo ni lazima lieleweke vizuri. Weupe huja wakati wa baridi tu. Mgonjwa wa Timboroa au Tinderet atauona asubuhi, lakini akishuka kwenye joto la tambarare za miwa, daktari hataona kitu. Na yule anayeishi Kisumu au Ahero anaweza kupatwa na ganzi miaka mingi bila kuona weupe hata siku moja. Kwa hiyo mweleze daktari unachokiona nyumbani, na usingoje akuulize.

Kwa nini msumeno wa zamani ni mbaya zaidi?

Kampuni ya Andreas Stihl ya Ujerumani ilitoa msumeno wake wa petroli mwaka wa 1929. Ulikuwa na uzito wa kilo 46 na uliendeshwa na watu wawili. Baada ya Vita Vikuu vya Pili ikaja misumeno ya mtu mmoja. Mwaka wa 1947 mkata miti wa Marekani, Joseph Cox, alianza kuuza mnyororo wenye meno mapya aliyoyabuni baada ya kumtazama funza wa mende akila gogo. Mnyororo wa kisasa ni mtoto wa ule.

Lakini mikono ya mfanyakazi ilikumbukwa kwa kuchelewa. Ni kuanzia miaka ya 1960 ndipo viwanda vilipoanza kutenganisha vishikio na injini kwa vipande vya mpira ili kupunguza mtetemo. Breki ya mnyororo, ambayo huusimamisha msumeno unaporuka nyuma, ilianza kuwekwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ile misumeno mikubwa ambayo wapasuaji wa mbao wa nchi nyingi za Afrika huipenda kwa nguvu zake, kama Stihl 070, imeundwa kwa mtindo wa kale na haina breki hiyo. Na hata msumeno uliotoka kiwandani na mipira yake, mipira hiyo ikizeeka hupasuka au kuwa migumu kama jiwe, na mtetemo wote hurudi mkononi.

Sikio halina kipuri

Msumeno wa petroli hutoa kelele inayozidi desibeli 100, na ule ambao eksozi yake imeoza huzidi hapo. Wataalamu wa afya huhesabu hivi: sikio lisilokingwa linaweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa nane. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo hukatwa nusu. Ukifika 100, umebakiwa na dakika 15 tu kwa siku nzima. Kanuni za kelele za mwaka wa 2005 hapa Kenya humtaka mwajiri asimwachie mfanyakazi kelele ya desibeli 90 kwa zaidi ya saa nane. Lakini mstaafu katika banda lake hana mwajiri wala mkaguzi wa kumwuliza. Mkaguzi ni yeye mwenyewe, na pengine mkewe anayelalamika kwamba redio inafunguliwa kwa sauti kubwa mno.

Sumu zilizofichika

Kwa mwenye kufufua mashine, msumeno uliozimwa pia una hatari zake. Yafuatayo ndiyo ninayoyaona mara nyingi kwa mafundi wetu wa jua kali, na mzee wangu alikuwa nayo karibu yote.

Petroli kinywani. Kufyonza petroli kwa mpira ni desturi mbaya sana. Tone dogo likipotea njia na kuingia mapafuni huleta nimonia kali. Aliyemeza petroli asitapishwe, na asipewe maziwa wala mafuta. Mpeleke hospitali hata kama anasema yu mzima, kwani kikohozi na kukosa pumzi huweza kuanza saa kadhaa baadaye. Nunua pampu ndogo ya mkono.

Moshi ndani ya banda. Injini inayonguruma katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Hapa kwetu mtu akiumwa hivyo hukimbilia kumeza dawa ya malaria, kisha hurudi bandani. Washa injini nje, hata mvua ikinyesha.

Rangi na vumbi. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na petroli yenye risasi iliuzwa Kenya hadi mwishoni mwa mwaka wa 2005. Gasketi nyingi za injini za kale nazo zilikuwa na asbesto. Usisugue vitu hivi kwa msasa mkavu. Vilowanishe kwanza, vaa barakoa, usipulize vumbi kwa mdomo, na usile mahindi ya kuchoma kwa mikono hiyo hiyo. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za wajukuu, kwani risasi huharibu akili za watoto wadogo.

Oili chafu. Wengi hulainisha mnyororo kwa oili iliyomwagwa kutoka kwenye gari. Mnyororo unapozunguka hurusha oili hiyo kama ukungu mikononi na usoni. Oili iliyokwisha kutumika ina kemikali zinazoweza kuleta saratani ya ngozi. Tumia oili mpya, na unawe kwa sabuni, si kwa petroli.

Cheche za grainda. Maganda ya misumeno mingi ya zamani ni ya magnesi, madini mepesi yanayowaka kwa moto mweupe mkali. Yakishika moto usimwagie maji, kwani yatalipuka zaidi. Weka debe la mchanga mkavu karibu. Vaa miwani ya kukinga macho, na chembe ya chuma ikikuingia jichoni usikubali fundi mwenzako aichokoe kwa kijiti. Nenda hospitali.

Jeraha. Ukikatwa, bonyeza kwa kitambaa safi bila kuachilia na uinue mkono. Kidole kilichokatika kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe katika mfuko wa plastiki, na mfuko huo ndio uwekwe juu ya barafu. Kisha kuna pepopunda. Watu husema huletwa na kutu, lakini vijidudu vyake hukaa udongoni na kwenye samadi, na kutu ni mwenyeji wao tu. Kama miaka kumi imepita tangu uchanjwe, chanjwa tena. Kwa jeraha chafu, usizidishe miaka mitano.

Nilimwambia nini mzee?

Naungama kwamba wazo langu la kwanza lilikuwa kumpiga marufuku. Nilikwisha kuifungua kalamu. Kisha nikamwuliza angefanya nini siku nzima bila misumeno yake. Alinyamaza, akatazama dirishani. "Daktari," akasema, "wenzangu niliostaafu nao wako kilabuni tangu asubuhi. Wawili tumeshawazika."

Nikaiweka kalamu chini. Mtu aliyefiwa na mke, asiye na kazi wala wa kuzungumza naye, yumo hatarini. Kitu kinachomwamsha asubuhi akiwa na hamu ya kufanya jambo ni dawa ambayo mimi siwezi kumwandikia. Nilipolitazama jambo hili vizuri, niliona kwamba kinachomwumiza ni kule kunguruma. Kufungua, kusafisha, kutia tupa meno na kusawazisha kabureta hakuna mtetemo. Tena kazi hiyo ndogo ndogo huzoesha vidole.

Basi tulipatana hivi. Msumeno ukishapona, kijana wa nduguye ndiye atakayeuwasha na kuujaribu, nje, kwa dakika chache, akiwa na vizibo vya masikio na miwani. Mipira ya vishikio itabadilishwa kabla ya kitu kingine chochote. Misumeno ya kale isiyo na breki haitakata mti. Itawekwa ukutani itazamwe, kama wafanyavyo wakusanyaji wa Ujerumani na Marekani. Mzee atavaa glavu za sufi asubuhi, na ataacha tumbaku, kwani tumbaku huikaza mishipa ile ile ambayo mtetemo umekwisha kuikaza. Zipo pia dawa za kuipanua mishipa, lakini sharti ziandikwe na daktari baada ya kupima msukumo wa damu.

Ukigunduliwa mapema na mtetemo ukakomeshwa, ugonjwa wa vidole vyeupe huweza kupungua. Neva zilizokwisha kufa, hata hivyo, aghalabu hazirudi. Mzee wangu amepungukiwa na weupe, lakini vifungo vya shati bado vinamshinda, na skrubu ndogo za kabureta humfungia yule kijana. Mara nyingine hujiuliza ingekuwaje kama ningalimwuliza lile swali siku ya kwanza. Wiki sita si nyingi, lakini zilikuwa zake.

Kwa hiyo, msomaji mpendwa, ukienda kwa daktari, usimwambie tu kazi uliyoajiriwa. Mwambie pia unachokifanya Jumamosi, na baada ya saa kumi, na tangu ulipostaafu. Na ukiwa na mzee bandani, usimnyang'anye spana yake. Mpelekee vizibo vya masikio na miwani, kisha ukae naye kidogo akuonyeshe kazi yake.

Hadi wiki ijayo, nakutakia afya njema.